Kufuma alama ya muchele, kofia isiyojikunja



Nyuma ya palizi ya maharagi, na mbele ya mavuno, kuko majuma ambapo shamba haliombi mambo mengi. Katika milima ya Lubero, ya Masisi na ya Kalehe, wamama wengi, na vijana wanaume pia, wanatumia wakati ule kwa kufuma: kofia za watoto, mitandio, trikoti za masomo. Kazi iko. Baridi nayo iko, na haichagui musimu. Shida inaonekana ku soko. Mununuzi anashika kofia, anaivuta kidogo, anaona pembe inajikunja kama jani la ndizi lililokauka, na anairudisha juu ya meza. Leni ilishalipwa, siku zimekwisha, na kofia inarudi nyumbani.

Mara nyingi kosa haliko ku mukono wa yule aliyefuma. Liko ku alama aliyochagua. Wengi wetu tulijifunza alama moja tu, ile inayoitwa jerse: upande mumoja laini, upande wa pili wenye mabonde. Jerse ni muzuri kwa kifua cha trikoti, lakini ukiiacha bila kitu cha kuizuia ku pembe, itajikunja sikuzote. Pasi haitasaidia, itarudia tu. Katika numero hii tunaeleza alama ingine, ambayo Wafaransa wanaiita ya muchele na Wamarekani wanaiita ya mbegu. Haiombi sindano ya pekee wala mashini. Inaomba macho.

Vitanzi viwili tu

Kitu chochote kinachofumwa na sindano mbili kinatoka katika vitanzi vya namna mbili. Wale waliojifunza kwa masista wanasema andrua na anveri. Hapa tutasema kitanzi cha uso na kitanzi cha mugongo, sababu ni kitanzi kimoja kinachoonekana pande mbili. Ukikitazama ku uso, kinafanana na herufi V. Ukikigeuza, unaona punje ndogo iliyolala, kama nundu. Njo pale siri yote: V upande huu ni punje upande ule.

Kwa kufuma kitanzi cha uso, uzi unakaa nyuma ya kazi. Sindano yenye vitanzi iko mu mukono wa kushoto. Ingiza ncha ya sindano ya kuume ndani ya kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma, ipite chini ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi juu ya ncha ile mara moja, vuta uzi upite ndani ya kitanzi, kisha uache kitanzi cha zamani kitoke ku sindano ya kushoto. Umepata kitanzi kipya mu mukono wa kuume.

Kwa kitanzi cha mugongo, leta kwanza uzi mbele ya kazi, upande wa tumbo lako. Ingiza ncha ya kuume kutoka kuume kwenda kushoto, ipite mbele ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi ku ncha, sukuma ncha na uzi wake virudi nyuma kupitia kitanzi, kisha achilia kile cha zamani. Punje inabaki inakutazama.

Wanaojifunza wanapata nguvu ku hiki cha pili, na hakuna njia ya mukato: fuma mistari kumi ya uso peke yake, kisha kumi ya mugongo peke yake, mpaka mikono isiulize tena.

Mustari kwa mustari, kama mu shamba

Wale waliopanda kwa kupishana watafahamu mbio. Mu mustari wa kwanza unaweka mbegu, unaacha nafasi, unaweka mbegu, unaacha nafasi. Mu mustari wa pili hauweki mbegu mbele ya mbegu. Unaiweka mbele ya nafasi. Alama ya muchele ni ile ile. Uso kimoja, mugongo kimoja, uso kimoja, mugongo kimoja, mpaka mwisho. Ku mustari unaofuata, kila punje inakaa juu ya V, na kila V juu ya punje. Kitambaa kinakuwa na vinundu vidogo vidogo, kama muchele uliomwagika juu ya mukeka.

Anza na kipande cha kujifunzia. Chukua leni nene kidogo ya rangi nyeupe au njano. Leni nyeusi au ya bluu nzito, ukifuma mangaribi ku taa, haitakuonyesha kitu. Weka vitanzi 15 ku sindano. Tunasema 15 makusudi, sababu ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Fuma: uso, mugongo, uso, mugongo, na umalize na uso. Geuza kazi. Anza tena na uso, kisha mugongo, umalize na uso. Kila mustari ni sawasawa na ule wa mbele. Hauna kitu cha kukumbuka.

Ukiweka 16, mambo yanageuka. Mustari ule ule ukirudiliwa utaweka uso juu ya uso na mugongo juu ya mugongo, na badala ya muchele utapata matuta, yale mistari ya wima inayovutika ambayo tunaona ku mikono na ku shingo ya trikoti. Si kitu kibaya, tutayahitaji chini. Lakini hayako muchele. Kwa hesabu inayogawanyika kwa mbili, mustari mumoja unaanza na uso na unaofuata unaanza na mugongo.

Hesabu inasaidia wakati nyumba iko kimya. Lakini nani anafuma mu nyumba yenye kimya? Mutoto analia, jirani anaita, unaweka kazi chini, na unaporudi haujui ulifika wapi. Njo maana tunapenda wanamemba wajifunze kusoma kitambaa kuliko kuhesabu. Tazama kitanzi kinachongojea ku sindano ya kushoto, mara moja chini ya sindano. Kama kuko punje inayokutazama, fuma uso. Kama kuko V, fuma mugongo. Basi. Mutu anayejua neno hili moja anaweza kuachilia kazi juma nzima na kuirudilia bila kuuliza. Na kwa matuta, neno linageuzwa: kama unaona V fuma uso, kama unaona punje fuma mugongo.

Sababu gani haijikunje

Mu jerse, V zote ziko upande mumoja na punje zote upande wa pili. Pande hizo mbili hazivuti kwa nguvu sawa, kwa hiyo kitambaa kinajikunja: pembe za upande zinakimbilia nyuma, na pembe za chini na juu zinakuja mbele. Mu muchele, V na punje ziko nusu kwa nusu kila upande, na zinachanganyika. Hakuna upande unaoshinda. Kitambaa kinalala juu ya meza kama kitambaa cha kushonwa.

Tena hakina upande wa ndani na wa inje. Mutandio unaonekana muzuri hata ukigeuka shingoni. Vinundu vinashika hewa kidogo katikati yao, na hewa ile njo inayochunga joto. Lakini tuseme ukweli wote: muchele unakula leni kuliko jerse kwa ukubwa ule ule, na unakawiza mukono, sababu uzi unapita mbele na nyuma kila mara. Yule anayeuza kwa bei ya jerse atapoteza.

Kosa linaloharibu kazi nyingi

Wakati unapeleka uzi kutoka nyuma kwenda mbele, unapaswa kupita katikati ya ncha za sindano mbili. Ukiupitisha juu ya sindano, unaongeza kitanzi ambacho haukutaka. Ku mustari unaofuata utakifuma kama vingine, na pale kutabaki tundu. Ulianza na 15, sasa uko na 16, na mbele ya saa moja uko na 20. Kipande kinapanuka kama sketi na alama inapotea, sababu hesabu iligeuka.

Kwa hiyo hesabu vitanzi ku mwisho wa kila mustari, kwa wiki mbili za kwanza. Ukiona kimoja kimezidi, usikate na usifumue vyote. Rudi kitanzi kwa kitanzi: ingiza ncha ya kushoto ndani ya kitanzi kilicho chini ya kile ulichokwisha kufuma, achilia cha juu, vuta uzi. Enda hivyo polepole mpaka ku kosa. Kama kitanzi kimeanguka na kimeshuka mistari kadhaa, kijiti chenye ndoano, hata kipande cha waya kilichopindwa muzuri, kinakipandisha. Mu muchele kazi hiyo ni ya kusumbua kuliko mu jerse, sababu kila ngazi inaomba kugeuza kazi mara moja mbele, mara moja nyuma.

Sindano na leni

Wengine wanafuma na mareyo ya kinga yaliyonolewa ku jiwe. Yanafaa kwa uzi mwembamba tu, sababu reyo iko na unene wa karibu milimetre 2. Ukifuma leni nene nayo, kitambaa kinakuwa kigumu kama kifuniko cha kitunga. Kwa leni ya kawaida ya soko, tafuta unene wa milimetre 4. Mwanzi uliokauka muzuri unatosha: kata vijiti viwili vya sentimetre 30, chonga ncha isiyokata kidole, piga msasa mpaka uzi upite bila kushikwa, kisha sugua buji. Ku mwisho wa pili funga kipande cha mupira ili vitanzi visitoroke.

Juu ya leni, kuko jambo tunaomba wote walisome. Kondoo za kwetu ziko na manyoya mafupi ambayo hayatoi sufu ya kufuma, na leni nyingi inayouzwa Goma, Bukavu na Butembo ni akriliki, maana yake inatoka ku kiwanda kama plastiki. Bei yake inafaa, inafuliwa mbio, haisinyai. Lakini inashika moto kwa urahisi, na ikiungua inayeyuka na kushikamana na ngozi. Mu nyumba ambamo mbabula iko katikati, mutoto aliyevaa akriliki haachwe karibu na makala, na wakubwa wasipulize moto na mutandio unaoning'inia. Sufu ya kweli haishiki moto mbio vile. Ukiipata mu mitumba, inunue.

Na mitumba ni chanzo kizuri cha leni. Trikoti kubwa iliyotoboka ku kiwiko ingali na uzi wa kutosha kofia mingi. Mbele ya kulipa, geuza ndani na utazame mushono wa ubavu. Kama pembe zilifumwa na kisha zikaunganishwa na uzi, itafumuka kwa uzi murefu. Kama zilikatwa na makasi na kuzungushwa ku mashini, utapata vipande vifupi vifupi tu, iache. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi. Uzungushe ku mugongo wa kiti, funga pahali pane, fua, tundika na kitu kizito chini mpaka ukauke. Mawimbi yatapungua.

Kwa leni mupya, soma karatasi inayozunguka kibonge. Kuko namba ya rangi, na kuko namba ingine ya bafu ambamo uzi ulitiwa rangi. Vibonge viwili vyekundu vya namba mbalimbali za bafu vinaweza kufanana mu duka na kutofautiana mu jua. Koperative inayopata komande ya trikoti za masomo inunue leni yote siku moja, namba moja, na iongeze kibonge cha akiba.

Kofia ya mutoto muchanga

Tunachagua kofia kwa sababu. Kichwa cha mutoto muchanga ni kikubwa kulingana na mwili wake, na kwa njia hiyo anapoteza joto mingi, zaidi sana yule aliyezaliwa mbele ya wakati. Ku mwaka 1978, huko Bogotá katika inchi ya Kolombia, waganga Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walianza kuweka watoto wadogo sana ku kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, sababu mashini za joto hazikutosha. Leo njia hiyo, ya kangaru, inatumiwa katika inchi nyingi. Mutoto anakaa bila nguo ku kifua cha mama, na kufunikwa pamoja naye. Anabaki na napi, soksi na kofia. Kwa hiyo kofia haiko pambo.

Kwanza pima mukono wako. Fuma kipande cha muchele, kilaze bila kukivuta, na uhesabu ku katikati vitanzi vingapi viko mu sentimetre 10. Tuseme ni 20. Ni kusema vitanzi 2 kwa sentimetre moja. Kichwa cha mutoto aliyetimiza wakati, siku ya kuzaliwa, kinazunguka karibu sentimetre 35. Kofia iwe ndogo kidogo ili ishike, tuseme 32. Mara 2 ni 64. Ongeza kimoja ili hesabu isigawanyike: 65. Kama mukono wako unatoa 18 au 24, hesabu itakuwa ingine. Usichukue 65 ya jirani.

Anza na sentimetre 4 za matuta, sababu matuta yanavutika na kushika ku paji la uso kuliko muchele. Kisha geuza neno lako: ku punje uso, ku V mugongo. Endelea na muchele mpaka urefu wote ufike sentimetre 14. Sasa funga kichwa. Fuma vitanzi viwili pamoja kama kimoja, uso, mustari muzima, na kile cha mwisho peke yake: unabaki na 33. Fuma mustari mumoja mugongo. Rudia viwili pamoja: unabaki na 17. Kata uzi ukiacha sentimetre 40, uingize mu sindano ya kushonea, upitishe ndani ya vitanzi vyote 17, vuta mpaka tundu lifunge, piga fundo, na ushone ubavu kwa uzi ule ule. Hakuna kamba za kufunga shingoni, hakuna kifungo cha kumeza. Fua mbele ya kuvalisha.

Bei

Hapa njo wanamemba wengi wanaachia pesa. Wanajua bei ya kibonge, lakini hawajui kofia inakula kiasi gani. Pima kibonge mbele ya kuanza na nyuma ya kumaliza. Mizani ya maharagi haiwezi kuonyesha gramu. Ile ndogo ya wanunuzi wa zahabu inaweza, na mara mingi mwenye nayo hatakatala kwa dakika mbili. Tuseme, kwa mufano tu, kibonge cha gramu 100 ni 5 000 FC, na kofia imekula gramu 25. Leni ni 1 250 FC. Ukiuza 2 000 FC, na ulifuma saa sita, mukono wako umepata 750 FC, pungufu ya 130 FC kwa saa. Linganisha na siku ya kulimia mwingine. Pengine utaamua kupandisha bei, pengine utaamua kufuma mitandio, pengine utaamua kofia ziwe za watoto wa koperative tu. Maamuzi yote yanafaa, yakifanywa na hesabu mukononi. Na hesabu ile iandikwe mu daftari ya kikundi, kwa jina la aliyefuma, ili ku siku ya kugawanya pesa isiwe mambo ya kukumbuka.

Mutu aliyezoea muchele anaweza kujaribu muchele wa mara mbili. Mustari wa kwanza ni ule ule, uso na mugongo. Wa pili unafuata neno la matuta, V juu ya V. Wa tatu unapishanisha, wa ine unafuata tena wa tatu. Punje zinakuwa ndefu, na kitambaa kinafaa kwa blanketi. Ukiendelea zaidi, fuma vitanzi 5 uso na 5 mugongo kwa mistari 6, kisha ubadilishe mahali pake kwa mistari 6 ingine: utapata alama ya kitunga. Kwa ile, weka vitanzi vinavyogawanyika kwa 10, na ongeza vitanzi 2 vya uso ku kila pembe, sababu vipande vikubwa vya uso vinaanza tena kujikunja.